Mbuzi wa Kusema Pole

Binti yangu Divine amepoteza staji yake. Hakuiba, hakuchelewa, hakugombana na mtu. Aliyempotezea ni mimi baba yake, kwa mrija wa pombe na kwa mbuzi mmoja.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Kazi yangu ni kuchaji batri za wavuvi hapa Baraka, kando ya ziwa. Asubuhi, ekipe za ndagala, yaani vikundi vya wavuvi wa dagaa, zikitoka ziwani zinaniachia batri za taa zao. Jioni wanakuja kuzichukua zimejaa. Shule niliiacha darasa la tano la msingi, na sikutaka mtoto wangu afanye kama mimi. Divine alisoma maendeleo ya vijijini kule Bukavu, akapata diploma, akarudi nyumbani, kisha akakaa akikaanga mandazi na mama yake mpaka wahuni wa bandarini wakamwita Mandazi ya Diploma.

Mwaka huu ndipo shirika moja likamchukua. Linasaidia wakimbizi wa Burundi walio kambini na sisi wenyeji tuliowapokea. Staji, yaani mafunzo ya kazi, ya miezi sita. Mshahara hakuna; kuna nauli ya pikipiki na jile, kizibao chenye alama ya shirika. Lakini kila mtu hapa anajua kwamba anayemaliza staji vizuri ndiye anayeitwa kazi ikitokea. Mlango mwingine ni kuwa na mjomba ndani. Sisi hatuna mjomba ndani.

Kazi ya Divine ilikuwa kukaa mezani na kupokea dosiye, yaani faili za maombi, za vijana walioomba staji ya kundi la pili. Nafasi kumi: tano za wenyeji, tano za kambi. Anapokea, anapiga muhuri, anatia sandukuni. Watu wa Bukavu ndio wanaosoma na kutoa alama.

Alinieleza hivyo, nikaelewa. Majirani hawakuelewa, na mimi sikuwasaidia waelewe.

Kuku wakaanza kuja.

Kwetu mtoto akipata kazi, watu huja kumpongeza baba, na haji mtu mikono mitupu. Kuku wa pongezi hakataliwi. Ukimkataa, umemwambia mwenye kuku kwamba unamwogopa, na maneno hayo hayafutiki haraka. Basi nilipokea. Rafiki yangu Isidore, kapiteni wa ekipe, alileta jogoo na kunikumbusha kwamba mtoto wa dada yake, Wilfried, ameweka dosiye. Wengine wakaleta na kunikumbusha watoto wao. Mke wangu Dorothée akanionya.

"Papa Divine, hawa bakuku banaleta maneno nyuma yao."

"Ni pongezi."

"Pongezi ya kila siku? Divine akijua?"

Divine alikula mapaja bila kujua. Nilimwambia kwamba Isidore ananilipa chaji ya batri kwa kuku. Huo ulikuwa uongo, niliusema kwenye meza yangu mwenyewe.

Mambo yalifika pabaya wiki iliyopita, Nzohabonayo alipokuja. Huyu ni mkulima wa Burundi, anaishi kambini na kulima mihogo karibu na Lweba. Alikuja na mtungi wa pombe ya mtama amebeba mwenyewe begani, na mirija miwili mfukoni.

"Muzehe, nimesikia binti yako iko mu shirika."

"Njo vile."

"Na mi niko na binti. Nella. Alisoma kilimo, alimaliza. Dosiye yake iko kwa binti yako."

"Ni vizuri."

"Basi nimeleta hii pombe, tunywe."

Tukanywa. Tulikunywa mpaka mirija ikanyonya hewa. Aliposimama kwenda, alinishika mkono kwa mikono miwili na kusema aksanti mara nyingi kuliko pombe ilivyostahili. Aliyeleta pombe anamshukuru aliyekunywa. Nilifikiri ni ulevi wake tu.

Sasa nimejua. Kwao, mtu akileta pombe analeta na neno. Mwenye nyumba akilikataa neno, haweki mdomo kwenye mrija. Akiweka, amelibeba. Kwetu pombe ni pombe, unakunywa na unasahau. Sikuuliza, na yeye hakuona sababu ya kueleza jambo ambalo kwao kila mtoto analijua.

Siku ya Alhamisi majina yakasomwa.

Shirika lilikodi ukumbi. Mama Clarisse, mkubwa wa biro, yaani ofisi, ya Baraka, alikuwa mbele na karatasi. Kando yake alikaa bwana mmoja wa Bukavu, Casimir, aliyekuja kuangalia kama mambo yanafanyika sawa. Divine alikuwa mezani pembeni, amevaa jile yake, nywele amesuka mpya. Mimi nilikaa katikati ya watu na Isidore. Nzohabonayo nilimwona nyuma, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali.

Mama Clarisse akasoma majina matano. Wilfried hakuwemo.

Isidore akaninong'oneza sikioni. "Na jogoo yangu?"

"Nyamaza."

"Uliikula na mifupa. Nilikuona."

"Isidore, nyamaza, tuko mbele ya bantu."

Ndipo nikasikia kiti nyuma kikisukumwa. Nzohabonayo alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mama, naomba neno."

"Sema, baba."

"Sikusikia jina ya Nella. Nafikiri imesahaulika. Mi na baba ya huyu mutoto," akamwonyesha Divine kwa mkono wote, kwa heshima, "tulishamaliza hii maneno. Nilileta pombe, alikunywa. Tulikunywa sisi wawili, hakubakisha. Iko hapa ndani, mumuulize."

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu mbele hakuna aliyecheka.

Ninataka msomaji aelewe. Yule mzee hakuwa anashitaki. Angekuwa anashitaki, ningejua la kufanya, ningesimama na kupiga kelele. Alikuwa anakumbusha, kama mtu anayemkumbusha mwenye duka kwamba alishalipa sukari yake.

Mama Clarisse akasema taratibu, "Baba, leo tumesoma majina ya wenyeji. Majina ya kambi yatasomwa kesho, kule kambini. Ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo."

Tangazo lilikuwa la Kifaransa. Nzohabonayo akafikiri kidogo.

"Aa. Kesho?"

"Kesho."

"Basi hakuna shida. Nitangoja kesho. Aksanti, mama."

Akakaa, akaweka kofia kwenye goti. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Hakumwona Casimir akiandika. Divine alimwona. Nilimtazama binti yangu, na yeye alikuwa ananitazama mimi, macho hayapepesi.

Casimir akainua kichwa. "Huyu baba anayesemwa, iko hapa?"

Isidore, rafiki yangu, kapiteni, akanionyesha kwa kidevu.

Jioni ile Divine aliingia bila kuvua viatu.

"Papa, ulikunywa?"

"Kidogo."

"Alisema hukubakisha."

"Mutungi ulikuwa mudogo."

"Na kuku? We ulipotoka, bantu wawili wamesimama, wamesema na bo waliletea wewe kuku. Mbele ya Casimir. Ulisema Isidore njo anakulipa."

Dorothée alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Hakuinua macho. "Nilisema," akasema.

"Sasa wamekufukuza?" nikauliza.

"Bado. Wamenisimamisha. Mama Clarisse anajua mi sikugusa kitu, sanduku lilikuwa na kufuli na ufunguo iko kwake. Lakini lazima wakusikilize. Siku ya kwanza, Jumatatu, saa nne, biro. Utasema ukweli, kwamba mi sikujua. Hiyo tu, Papa. Ukisema vile, narudi kazini."

"Nitasema."

"Hiyo tu."

"Nimesikia, mutoto yangu."

Ijumaa majina ya kambi yakasomwa. Yalisomwa manne. La tano, alisema Mama Clarisse, linangoja uchunguzi. Divine aliniambia baadaye lilikuwa la nani. Nella alikuwa wa kwanza. Watu wa Bukavu walimpa alama nyingi kuliko vijana wote, wa kambi na wa wenyeji, na hawakuwahi kusikia habari ya mtungi wowote. Pombe yangu haikumsaidia kitu. Ilimtoa kwenye orodha alimokuwa tayari ameingia kwa akili yake.

Jumapili baada ya misa Isidore alinikuta nje ya kanisa. Alikuwa na aibu ya kidevu chake, ndiyo maana alikuja na shauri.

"Kesho utaenda vipi kwa ile mama?"

"Nitaenda na miguu."

"Mi sisemi miguu. Nasema mikono. Utaenda mikono wazi?"

"Divine alisema niseme ukweli tu."

"Divine ni mutoto. Wewe umeharibu nyumba ya muntu, biro yake imechekwa mbele ya bantu wote, na unaenda kumwambia pole na mudomo? Hata mulevi anafanya vile. Muntu muzima anaomba radhi na kitu inasimama miguu ine."

"Si itakuwa kama rushwa?"

"Rushwa ni ya kuomba kitu. Wewe unaomba nini?"

Nilifikiri. Kwa kweli sikuwa naomba kitu. Nilikuwa naenda kukiri.

"Unaona?" Isidore akasema. "Hii ni ya pole. Ni kitu ingine kabisa."

Nikaona yuko sahihi. Mpaka leo, nikiwa nimekaa hapa, siwezi kuonyesha kwa kidole mahali alipokosea. Kwetu sisi Wabembe, mtu aliyeharibu anakwenda na mbuzi. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu. Ukienda bila mbuzi hukuomba radhi, ulipita kusalimia.

Mbuzi tulikuwa naye mmoja, jike, wa Dorothée. Alimnunua kwa mandazi. Siku ya kwanza asubuhi Dorothée akaenda sokoni mapema, Divine akatangulia biro. Nikaifungua kamba.

Zamu, yaani mlinzi, wa shirika anaitwa Élie, kijana wa Nundu. Alinitazama, akamtazama mbuzi, akafungua daftari ya wageni.

"Papa Divine, uko na rendevu?"

"Saa nne. Na Mama Clarisse."

"Na huyu mwenzako, na yeye iko na rendevu?"

"Élie, acha mchezo. Nifungie fasi ya kivuli."

"Mi nifunge mbuzi hapa? Nimuandike vipi? Jina, kazi, amekuja kuona nani?"

"Muandike ni wa pole."

Kijana akaacha kucheka. "Papa, murudishe nyumbani."

"Saa imefika."

"Mi nakuambia kama mutoto yako. Murudishe."

Lakini Divine alikuwa ametokea mlangoni kuniita, na kutoka pale alipokuwa amesimama hakuweza kumwona mbuzi nyuma ya gari iliyoegeshwa hapo. Nikamfunga mbuzi kwenye bampa ya gari ya shirika, nikaingia.

Ndani kulikuwa na Mama Clarisse, Casimir na karatasi zake. Divine walimwambia angoje kwenye korido, mlango wakauacha wazi. Mama Clarisse ni mtu wa makamo, hana haraka. Alinipa kiti na maji.

"Papa, tuambie kuku."

Nikawaambia kuku. Nani alileta, alisema nini, nilijibu nini. Casimir akaandika.

"Binti yako alijua?"

"Hapana. Nilimdanganya. Nilimwambia ni malipo ya batri."

"Kwa nini ulimdanganya?"

"Kwa sababu angekataa kula."

Mama Clarisse karibu atabasamu. "Na pombe?"

Nikawaambia pombe. Nikawaambia kwamba Nzohabonayo aliamini jambo moja na mimi jingine, na kwamba mtoto wake hakukosa chochote, wala mtoto wangu. Nilisema vizuri. Sisemi kwa kujisifu. Nilisema vizuri kwa sababu yalikuwa ni kweli, na kweli haina kona za kukwama.

Casimir akaweka kalamu chini. "Kwangu mimi inatosha," akamwambia Mama Clarisse. "Baba amepokea zawadi, mwanastaji hakujua, alama zilitolewa Bukavu. Tutaandika onyo. Wote wawili wanaweza kuendelea."

"Na yule wa kambi pia?" Mama Clarisse akauliza.

"Na yule pia."

Nikasikia kwenye korido Divine akivuta pumzi. Ninaandika neno hili kwa sababu ndiyo pumzi ya mwisho nzuri iliyosikika katika habari hii. Mama Clarisse akanyoosha mkono kuniaga.

Nje, mbuzi akalia.

Walikuwa wamewasha ile gari. Dereva alitaka kutoka, Élie akamzuia, mbuzi akashituka akaanza kelele kama anachinjwa. Mama Clarisse akaenda dirishani.

"Ni ya nani, ile mbuzi?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Élie angesema hajui, nina hakika, kijana yule ana moyo. Lakini nilikuwa nimekuja kusema ukweli, na nilikuwa nimeuzoea asubuhi hiyo.

"Ni yako, mama. Ni ya kusema pole."

Casimir alikuwa amesimama, akakaa tena, akachukua kalamu.

"Sijaomba kitu," nikasema. "Mumeshaamua, mi sikujua mutaamua nini. Ni kwa ajili ya aibu niliyowaletea. Kwetu mtu haji kuomba radhi mikono wazi."

"Najua, Papa," Mama Clarisse akasema. Alikuwa bado ametazama nje. "Mi ni Mushi kwa kabila, mutoto ya Walungu. Na sisi tunafanya vile. Kama ungenikosea mu nyumba yangu, ungeileta, ningeichinja, tungekula na maneno yangeisha. Lakini hapa siko mwenye nyumba. Hapa mi napokea mushahara ili nisichinje ile mbuzi."

"Basi nairudisha."

"Ilishaingia ndani ya lango, mu parsele. Iko mu daftari ya zamu."

Élie alikuwa ameandika. Ndiyo kazi yake. Angekosa kuandika, angefukuzwa.

Nikamgeukia Casimir. "Bwana, we hukuona kitu."

"Baba, nimeona. Nikiandika kwamba sikuona, mwezi ujao mi njo nitakuwa natafuta staji." Hakusema kwa ubaya. "Dakika tano zilizopita hii ilikuwa habari ya kuku wa majirani. Sasa ni habari ya mbuzi iliyoletwa kwa mwenye kuamua, siku ya kuamua. Bukavu watasoma hiyo tu."

"Na Divine?"

Mama Clarisse hakunijibu mimi. Alimwita Divine. Akamweleza kwa Kifaransa, taratibu, na mimi sikuelewa yote, lakini Kifaransa cha kufukuzwa mtu hakihitaji shule.

Divine akasikiliza mpaka mwisho. "Naelewa, mama," akasema. Akavua jile, akaikunja, bega kwa bega, kama anavyokunja shati za kanisa, akaiweka mezani. Hakunitazama. Pale nje akafungua mbuzi yeye mwenyewe, akanipa kamba, akatangulia.

Tulipita katikati ya mji na yule mbuzi, mchana, watu wote macho. Mbele ya maduka mama mmoja akauliza, "Papa Divine, hata mbuzi wamekataa?" Mwingine akasema labda hakuwa na diploma. Divine alitembea kama hajasikia, mgongo umenyooka. Mimi nilisikia.

Nyumbani Dorothée alikuwa ameshafika. Aliona kamba mkononi mwangu, aliona mtoto hana jile. Akamchukua mbuzi, akamfunga kwenye nguzo yake. Mimi hakunisemesha.

Nilifikiri ubaya wa siku umekwisha.

Jua lilipokuwa linashuka upande wa milima, Nzohabonayo akaingia uani. Nyuma yake alikuwa na msichana mrefu, amebeba begi kichwani na godoro la kukunja kwapani. Nilikuwa sijawahi kumwona, lakini nilijua ni nani. Habari ya mbuzi ilikuwa imeshafika kambini kwa pikipiki.

Nikampa mzee kiti. Nikaanza kusema pole, kwa mdomo, maana nilikuwa nimejifunza. Akanizuia kwa mkono.

"Muzehe, mi sikuja kugombana."

"Aksanti."

"Nilikuletea neno, ulilipokea. Nella alikuwa na njia yake, ile njia imefungwa. Sisemi uliifunga kusudi."

"Sikuifunga kusudi."

"Ego, ndiyo. Lakini ulikunywa. Neno liko kwako, haliwezi kurudi kwangu. Ningekuwa mutu ya kurudisha pombe, watu wa kwetu wangenicheka mpaka ng'ambo." Akamgeukia binti yake. "Tua begi."

Nella akatua begi. Alikuwa analia bila sauti, uso mkavu wa hasira chini ya machozi. "Data, baba yangu, nimekuambia sitaki," akasema.

"Najua. Utakaa hapa kwa muzehe. Alikubali kukutafutia njia. Atakapoipata, nitakuja kukuchukua."

"Mzee," nikasema, "mi ni muntu wa batri. Mi nitapata njia gani?"

"Sijui. Mi sikukunywa pombe yako."

Akasimama, akavaa kofia, akawaaga Dorothée na Divine kwa heshima yote, akaondoka. Hakugeuka. Nilimfuata hadi barabarani nikimwita, na majirani wakatoka kwenye milango yao kuona ninamwitia nini.

Niliporudi, Divine alikuwa ameshachukua godoro la Nella na kuliingiza chumbani kwake. Wasichana wawili walikuwa wamekaa juu ya kitanda kimoja, mmoja amesoma maendeleo, mmoja kilimo.

Dorothée aliningoja mlangoni. Hapo ndipo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Papa Divine. Muzee analeta pombe, we unakunywa. Halafu analeta binti na begi yake, anamuacha, anaenda. Bamama ba hapa wataita hii nini, kama si ndoa?"

"Ni mambo ya staji."

"Mi nakuuliza, siku ile alipoleta mutungi, alisema nini? Neno kwa neno."

Nikafungua mdomo kumjibu. Nikakumbuka mtungi, nikakumbuka mirija, nikakumbuka kwamba katikati ya kunywa mzee alizungumza muda mrefu, kwa Kirundi na Kiswahili vimechanganyika, kuhusu binti yake, na kwamba mimi nilikuwa ninatikisa kichwa na kusema sawa, sawa, sawa.

"Sikumbuki yote," nikasema.

Akaingia ndani akafunga mlango.

Basi hasara yangu mpaka leo ni hii. Staji ya Divine imekwenda, na kazi iliyokuwa nyuma yake. Nafasi ya Nella imekwenda, yeye aliyekuwa wa kwanza. Vijana wengine tisa waliosomwa majina wameambiwa wangoje, kwa sababu Bukavu wamesimamisha kundi zima. Wazazi wao wanapita mbele ya mlango wangu na hawasalimii. Ekipe tatu zimepeleka batri zao kwa mtu mwingine, na moja ni ya Isidore. Mke wangu analala na wasichana. Mimi nalala kwenye chumba cha batri, na ninawasikia wote watatu kupitia ukutani wakizungumza kwa sauti ya chini, na nikikohoa wananyamaza.